Kwa nini masharti ya uangalizi hukiukwa ilhali adhabu inajulikana

Hakimu anapomaliza kusoma amri ya uangalizi, mtu aliyetiwa hatiani hutoka mahakamani kwa miguu yake badala ya kupandishwa kwenye karandinga. Ameelezwa masharti yake: asitende kosa jingine, aripoti kwa afisa probesheni siku aliyopangiwa, asihame makazi bila kutoa taarifa, na pengine ajiepushe na ulevi au afanye kazi za kijamii bila malipo. Ameelezwa pia kwamba akikiuka masharti hayo ataitwa tena mahakamani, na anaweza kupewa adhabu ya kosa lile la awali, kikiwemo kifungo. Yote hayo ameyakubali mbele ya mahakama.

Hata hivyo, wapo wanaorejeshwa kizimbani kabla muda wa uangalizi haujaisha. Wengine hawakuripoti, wengine wamehama bila kuaga, wengine wamerudia ulevi au dawa za kulevya. Karibu wote walijua kitakachowapata. Jambo hilo huwashangaza ndugu, majirani na hata waathirika wa kosa, nao huuliza: mtu aliyeonewa huruma namna ile, anawezaje kuichezea nafasi hiyo?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba mtu huyo ni mkaidi, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wapo wakaidi kweli. Lakini uzoefu wa mahakama na tafiti za nchi mbalimbali unaonesha kwamba ukaidi hueleza sehemu ndogo tu ya jambo hili. Kujua kwamba adhabu ipo ni kitu kimoja; adhabu hiyo kuwa na nguvu ya kumwongoza mtu asubuhi ya siku ya kuripoti ni kitu kingine.

Uangalizi ni nini

Uangalizi, ambao wengi huuita probesheni, ni adhabu mbadala ya kifungo gerezani. Nchini Tanzania unaongozwa na Sheria ya Uangalizi wa Wahalifu, Sura ya 247, na unakwenda sambamba na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, ambayo humwezesha mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa lisilo kubwa kufanya kazi ya umma bila malipo huku akiendelea kuishi nyumbani kwake. Maafisa probesheni, walio chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, huandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii inayoisaidia mahakama kuamua iwapo mhusika anafaa kutumikia adhabu nje ya gereza, na baada ya hapo humsimamia.

Uangalizi si sawa na parole. Parole humhusu mfungwa aliyekwisha kutumikia sehemu ya kifungo chake gerezani, ilhali aliye chini ya uangalizi hupewa amri na mahakama badala ya kupelekwa huko.

Chimbuko la utaratibu huu ni jiji la Boston nchini Marekani, ambako mwaka 1841 fundi viatu aliyeitwa John Augustus alimdhamini mahakamani mtu aliyeshitakiwa kwa ulevi. Baada ya wiki tatu alimrejesha mbele ya hakimu akiwa ameacha pombe. Jimbo la Massachusetts lilitunga sheria ya uangalizi mwaka 1878, Uingereza ikafuata mwaka 1907, na kutoka huko utaratibu ukaenea katika nchi zilizokuwa chini ya utawala wake, zikiwemo za Afrika Mashariki.

Uangalizi unapofanikiwa, mhusika huendelea kulea familia yake, hubaki kazini, hupata fursa ya kumfidia aliyemkosea, na nafasi gerezani hubaki kwa wanaostahili kuwa huko. Unaposhindwa, hasara huwa ya wote: mhusika hupoteza uhuru, watoto hupoteza mlezi, mwathirika huona haki imechezewa, na wananchi hupoteza imani na adhabu mbadala. Kwa sababu hiyo, kuelewa chanzo cha ukiukaji si kumtetea mkosaji, bali ni kulinda usalama wa jamii.

Adhabu iliyo mbali haina sauti

Mwaka 1764, mwanafikra wa Italia Cesare Beccaria aliandika kwamba kinachomzuia mtu kutenda kosa si ukali wa adhabu, bali uhakika kwamba itamfikia, tena mapema. Zaidi ya karne mbili baadaye, tafiti za uhalifu zimeendelea kuunga mkono hoja hiyo: kuongeza miaka ya kifungo kwenye maandishi ya sheria hupunguza makosa kwa kiasi kidogo kuliko kuongeza uhakika wa mkosaji kugundulika.

Sababu yake ipo katika namna binadamu anavyopima mambo. Faida ya leo, hata iwe ndogo, huonekana kubwa kuliko hasara ya mwezi ujao. Mkulima anajua palizi ikichelewa mavuno yatapungua, mgonjwa anajua dawa isipomezwa kwa wakati ugonjwa utarudi, na bado wote wawili huahirisha. Aliye chini ya uangalizi hana tabia ya ajabu. Ana udhaifu uleule wa watu wote, isipokuwa kwake gharama yake ni uhuru.

Udhaifu huo hukuzwa na mfumo unapokosa uthabiti. Mtu akikosa kuripoti mara ya kwanza na kusiwe na lolote, hujifunza kwamba sharti halina uzito. Akikosa mara ya pili akaonywa kwa maneno tu, somo hilo hukomaa. Akikosa mara ya sita, mara faili lake likapelekwa mahakamani na akafungwa, yeye huona ameonewa, kwa kuwa jambo lililovumiliwa mara tano limegeuka kosa kubwa siku moja. Kwa macho yake, adhabu imekuwa kama bahati nasibu, na mtu anayecheza bahati nasibu hutumaini kwamba leo si zamu yake.

Jaribio la Honolulu

Mfano uliochunguzwa sana kuhusu jambo hili ulitokea katika jiji la Honolulu, jimbo la Hawaii nchini Marekani. Mwaka 2004, Jaji Steven Alm alibaini kwamba watu waliokuwa chini ya uangalizi, wengi wao wakitumia dawa za kulevya, walikiuka masharti mara nyingi bila kuchukuliwa hatua yoyote. Maafisa walikuwa na njia mbili tu: kufumba macho, au kuomba mahakama imfunge mhusika miaka mingi. Kwa kuwa njia ya pili ilionekana nzito kuliko kosa, ya kwanza ndiyo iliyotumika, hadi ukiukaji ulipokithiri.

Jaji huyo alijiuliza mzazi makini humwadabishaje mtoto wake. Mzazi humweleza mtoto kanuni waziwazi, na mtoto akikosea humchukulia hatua siku hiyohiyo, hatua inayolingana na kosa, kila mara. Hasubiri makosa kumi ndipo amfukuze nyumbani.

Oktoba mwaka huo mpango uliopewa jina la HOPE ulianza ukiwa na watu 34. Kila mmoja aliitwa mahakamani na kuonywa ana kwa ana. Baada ya hapo, alitakiwa kupiga simu kila asubuhi ya siku ya kazi kusikiliza kama rangi aliyopewa imetajwa. Ikitajwa, alipaswa kufika siku hiyohiyo kupimwa. Aliyekutwa ametumia dawa alikamatwa palepale, akafikishwa mbele ya jaji ndani ya siku chache, na kwa kawaida akakaa mahabusu siku chache tu, kisha akarudi kuendelea na uangalizi. Aliyehitaji matibabu ya uraibu alipelekwa kutibiwa.

Tathmini iliyotolewa mwaka 2009 ililinganisha watu 493, baadhi wakiwa kwenye mpango huo na wengine kwenye uangalizi wa kawaida, wakiwa wamepangwa katika makundi kwa kura. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 21 ya waliokuwa kwenye mpango walikuwa wamekamatwa kwa kosa jipya, ikilinganishwa na asilimia 47 ya wenzao. Waliokosa kuripoti walikuwa asilimia 9 dhidi ya 23, na vipimo vilivyoonesha matumizi ya dawa vilikuwa asilimia 13 dhidi ya 46. Waliofutiwa uangalizi walikuwa asilimia 7 dhidi ya 15.

Watu hao walitishwa kwa adhabu ndogo kuliko wenzao, lakini walitii zaidi. Siku mbili za mahabusu zenye uhakika zilikuwa na nguvu kuliko miaka mitano inayoweza kuja au isije. Waswahili walikwisha kulisema hilo kwa njia nyingine: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Masharti yanayogongana na maisha

Uhakika wa adhabu, hata hivyo, haumalizi maelezo. Wapo wanaotaka kutii na bado wanashindwa.

Chukulia kijana anayeishi kwa kubeba mizigo sokoni. Ametakiwa kuripoti kila Jumatatu asubuhi, na Jumatatu ndiyo siku malori yanaposhusha mzigo. Ofisi ya afisa probesheni ipo mjini, na nauli ya kwenda na kurudi ni sawa na chakula cha siku moja nyumbani kwake. Akienda kuripoti, anakosa kipato cha siku iliyo bora kuliko zote katika wiki. Asipokwenda, amekiuka amri ya mahakama. Anajua adhabu, lakini njaa ya watoto ipo leo na hakimu yupo siku nyingine.

Ufukwara pia huchosha akili. Mwaka 2013, watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wakulima wa miwa 464 katika jimbo la Tamil Nadu nchini India. Wakulima walewale walipata alama za chini katika majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, fedha zilipokuwa zimekwisha, kuliko baada ya mavuno. Akili yao ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni mzigo wa mawazo. Mtu anayewaza kodi ya chumba, deni la dukani na mtoto mgonjwa hubakiwa na nafasi ndogo ya kukumbuka tarehe ya kuripoti.

Masharti yanapoongezwa bila kupima uwezo wa mhusika, uwezekano wa kuyakiuka huongezeka. Kila sharti jipya ni mlango mmoja zaidi wa kurudi gerezani. Ripoti iliyotolewa mwaka 2019 na Council of State Governments nchini Marekani ilionesha kwamba asilimia 45 ya watu walioingia katika magereza ya majimbo waliingia kwa kukiuka uangalizi au parole. Takriban robo ya wote walioingia walifungwa si kwa uhalifu mpya, bali kwa kuvunja masharti, kama vile kukosa kuripoti au kushindwa kipimo cha dawa.

Kwa mwenye uraibu, ugumu ni mkubwa zaidi. Uraibu ni maradhi yanayobadilisha namna ubongo unavyopima faida na hasara, na kurudia matumizi hutokea hata kwa mtu aliyedhamiria kuacha. Kumwamuru aache bila kumpatia njia ya tiba ni kumpa sharti ambalo nia peke yake haitoshi kulitimiza.

Hofu inayomkimbiza mtu

Adhabu inayotarajiwa huweza yenyewe kuwa sababu ya ukiukaji. Aliyekosa kuripoti wiki moja kwa sababu ya msiba au ukosefu wa nauli hujiambia kwamba akijitokeza atakamatwa. Anakosa wiki ya pili kwa kuogopa kuulizwa kuhusu ya kwanza. Wiki ya tatu anabadili namba ya simu, na ya nne anahamia kwa ndugu wilaya nyingine. Kosa lililoanza kama udhuru limekuwa kutoroka, na kila siku inayopita hufanya kurudi kuwe kugumu zaidi.

Kwa mtu aliye katika hali hiyo, kuongeza ukali wa vitisho humsukuma mbali zaidi. Kinachoweza kumrudisha ni kufahamu mapema kwamba anayejitokeza mwenyewe na kueleza ukweli hutazamwa tofauti na anayetafutwa hadi kukamatwa.

Kuelewa, kukumbuka na kuheshimiwa

Sheria za uangalizi zenye asili ya Kiingereza huitaka mahakama imfafanulie mhusika amri kwa lugha nyepesi. Takwa hilo lina msingi. Mtu aliyesimama kizimbani, akiwa na hofu na furaha ya kunusurika gerezani kwa wakati mmoja, husikia neno moja tu: unakwenda nyumbani. Masharti yaliyosomwa baada ya hapo hupita juu ya kichwa chake. Wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa wameruhusiwa kuondoka, kesi imekwisha.

Utafiti uliofanyika jijini New York na kuchapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science ulihusu jambo la jirani, yaani watu walioitwa mahakamani kwa makosa madogo wasifike. Fomu za wito zilipoandikwa upya ili tarehe na matokeo ya kutofika vionekane wazi, na watu walipotumiwa ujumbe mfupi wa simu wa kuwakumbusha, kutofika kulipungua kwa asilimia 13 hadi 21, na hati za kukamata zipatazo 30,000 ziliepukwa katika miaka mitatu. Watafiti hao walibaini pia kwamba wananchi wa kawaida huamini waliokosa kufika walifanya makusudi, ilhali wataalamu wa haki jinai huona kwamba mara nyingi ni kusahau na kughafilika.

Heshima nayo ina nafasi yake. Uchunguzi wa Tom Tyler katika jiji la Chicago, uliochapishwa mwaka 1990, ulionesha kwamba watu hutii sheria zaidi wanapoamini kwamba waliosimamia sheria hiyo wamewatendea haki, wamewasikiliza na hawakuwabagua, hata pale uamuzi usipowapendelea. Afisa anayemsikiliza mhusika kabla ya kuandika taarifa yake, na kutekeleza alichosema atakitekeleza, hupata utii ambao vitisho havinunui.

Uhakika peke yake hautoshi

Mafanikio ya Honolulu yaliwavutia wengi, na mpango huo ukajaribiwa katika maeneo manne ya majimbo ya Arkansas, Massachusetts, Oregon na Texas, ukihusisha watu zaidi ya 1,500. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 hayakuwa kama ya Hawaii: kwa ujumla, waliokuwa kwenye mpango hawakukamatwa kwa makosa mapya kwa kiwango kidogo kuliko wenzao wa uangalizi wa kawaida.

Wataalamu wameendelea kujadili sababu, lakini fundisho moja linaeleweka. Utaratibu wa kutoa adhabu ya haraka hauwezi kuhamishwa kama mashine kutoka mji mmoja hadi mwingine na kutarajiwa ufanye kazi ileile. Huambatana na jaji anayeaminika, maafisa wenye muda, huduma za tiba na mazingira ambamo mtu anaweza kujipatia riziki halali. Adhabu ya uhakika humwamsha mtu. Haimpi nauli, haimtibu uraibu na haimpi kazi.

Wajibu wa kila mhusika

Kutokana na maelezo haya, mwananchi aliye chini ya uangalizi anapaswa kuhakikisha anaelewa kila sharti kabla ya kuondoka mahakamani, na kuuliza pale asipoelewa bila kuona aibu. Siku ya kuripoti ikigongana na kazi, ugonjwa au msiba, njia sahihi ni kumjulisha afisa probesheni kabla ya siku hiyo kufika. Ombi la kubadilishiwa siku linalotolewa mapema ni jambo la mazungumzo. Kutoonekana ni ukiukaji. Vilevile, anayelazimika kuhama anapaswa kutoa taarifa kwanza, kwa kuwa afisa asiyejua alipo mtu hana namna ya kumtetea. Na aliyekwisha kukosa mara moja asiifanye mara hiyo kuwa mbili: arudi mwenyewe akaeleze ukweli.

Familia ina nafasi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kumkumbusha ndugu tarehe yake, kumchangia nauli au kumsindikiza siku ya kwanza kunaweza kuokoa mwaka mzima wa maisha yake. Kumficha anapotafutwa humwongezea kosa juu ya kosa. Viongozi wa mitaa na vijiji, waajiri na wasimamizi wa taasisi ambako kazi za kijamii hufanyika wanaweza kusaidia kwa kutoa taarifa za kweli kwa maafisa na kwa kutomdhalilisha mhusika mbele ya watu, kwa sababu aibu ya hadharani humfukuza mtu kazini upesi kuliko uchovu.

Kwa wasimamizi wa utaratibu huu, fundisho ni kuweka masharti machache yanayotekelezeka, kuyaeleza kwa Kiswahili chepesi, kukumbusha tarehe, na kuchukua hatua ndogo mapema kila sharti linapovunjwa badala ya kusubiri makosa yajae faili. Aidha, mwenye uraibu anahitaji kuelekezwa kwenye tiba sambamba na kuonywa.

Waathirika wa makosa nao wana haki ya kuona kwamba adhabu mbadala ni adhabu ya kweli. Imani yao haijengwi na ukali wa maneno ya amri, bali na kuona kwamba sharti lililowekwa limefuatiliwa, aliyelivunja ameulizwa, na aliyelitimiza amemaliza deni lake kwa jamii. John Augustus alipomdhamini yule mlevi wa Boston hakuwa na gereza wala askari wa kumtishia. Alikuwa na tarehe ya kumrudisha mahakamani, na wiki tatu za kumfuatilia ili tarehe hiyo imkute akiwa mtu mwingine.